Mto Nyamirende Wahamishwa kwa Tangazo

Mto Nyamirende ulipogeuka kijani, serikali yetu haikulala. Ilikaa macho ikiutazama. Mwaka wa kwanza ilisema kijani ni dalili ya rutuba. Mwaka wa pili ilisema kijani ni rangi ya bendera yetu, na anayelalamikia rangi hiyo aangalie asije akaonekana analalamikia bendera. Mwaka wa tatu samaki walianza kuelea matumbo juu, na wananchi wakaelezwa kwamba samaki wale walikuwa wazee.

Mimi ni Afisa Habari wa Bonde la Nyamirende. Kazi yangu ni kuwaeleza wananchi mambo baada ya wao kuyaona. Nimeifanya kazi hii muda mrefu, sina malalamiko, na haya nayasimulia kwa nia njema kabisa.

Basi walikuja wageni kutoka ng'ambo na vichupa vyao. Wakachota maji, wakayatia dawa, wakatikisa vichwa. Wakatueleza kwamba mto wetu umevimbiwa. Mbolea za mashambani na samadi za mazizini zinaoshwa na mvua zinaingia mtoni, kile kitu cha kijani kinazila kinanenepa, kikifa kinaoza, na kikioza kinamaliza hewa yote iliyomo majini. Samaki wanakosa pumzi. Dawa yake, wakasema, ni watu wa bonde wenyewe kujiwekea sheria na kuzifuata. Wakaahidi kuisaidia nchi yoyote itakayokuwa na sheria za namna hiyo. Kabla gari lao halijafika barabara ya lami, tulikuwa nazo.

Mwenyekiti wa kamati iliyozitunga alikuwa Bwana Luhende, Afisa wa Mito. Zilikuwa sheria nzuri, lazima niseme. Zilinakiliwa kutoka mahali ambako zinafuatwa. Kila mwenye shamba aache ukanda wa majani kando ya mto, upana wa barabara kuu. Samadi ikae kwenye shimo lililofunikwa. Mbolea isimwagwe wakati mawingu yametanda. Ng'ombe wasinywe mtoni, wapelekewe maji. Na mwenye kumwaga maji machafu mtoni ayasafishe kwanza. Bwana Luhende aliongeza moja ya kwake, kwamba bata wote wanaoogelea wawe na kibali, lakini hiyo haikusumbua watu sana kwa sababu bata walikuwa wameshakufa.

Nilizisoma sheria hizo kwa kipaza sauti siku ya gulio. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa ya nchi nyingine, kisha wakatawanyika. Akabaki mama mmoja na ndoo yake ya maziwa. Alikuwa Bi Sikudhani Mpalasinge, mjane anayeishi mlimani kidogo juu ya mto. Mumewe alipofariki alimwachia kishamba, nyumba ya matofali na ng'ombe. Yule ng'ombe aliyekuwa akitoa maziwa kuliko wote, aliyemwita Njiwa, alikunywa lile povu la kijani wakati wa kiangazi, akalala chini, hakuinuka tena.

Akaniuliza kama Shamba la Maua, lile la upande wa pili wa mto, nalo litafuata sheria hizi. Nikamjibu kwamba sheria ni ya wote. Akanitazama kwa muda, si kwa dharau, ni kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wacha mimi nianze."

Na kweli alianza. Aling'oa mahindi na maharage yake yote ya kando ya mto, akapanda matete. Akachimba shimo la samadi, akalifunika kwa mabati ya banda la kuku. Ng'ombe akawapelekea maji ya kisima kwa ndoo, kichwani, asubuhi na jioni. Majirani walicheka. Jirani yake mmoja, Maneno Kigahe, alicheka kuliko wote, mpaka alipoona kwamba matete yale yanamlishia Bi Sikudhani ng'ombe bila kutembea mbali, na samadi ile ikishaoza inamwoteshea mahindi kuliko mbolea ya dukani. Akaacha kucheka, akachukua jembe. Ulipoingia msimu wa pili, upande wetu wote wa mto ulikuwa na ukanda wa majani.

Bwana Luhende alipokuja kukagua alipata taabu sana. Alizunguka nyumba ya Bi Sikudhani akitafuta kosa, hakuliona. Akainama kunusa shimo. Mwishowe akasema shimo lile ni refu mno, linaelekea kuwa kisima, na visima vina sheria zake. Kisha akaenda zake akiwa na huzuni.

Mto ulibaki kijani. Upande wa pili liko Shamba la Maua la Ustawi, lenye nyumba za nailoni zinazoonekana kutoka angani, na maua yake husafirishwa kwenda kufurahisha watu wa mbali. Maua yale yanakula mbolea usiku na mchana, na yanachokiacha kinashuka kwa bomba moja nene, ambalo mtu angeweza kutambaa ndani yake, moja kwa moja mpaka mtoni. Shamba ni la kampuni. Kampuni ni ya watu wasiopenda kutajwa. Mheshimiwa Zakayo Mtonyole, Waziri wa Mito, huenda pale kila Jumapili kupumzika, na huwa anawakaripia wafanyakazi kama mtu yeyote anayependa maendeleo.

Wale wageni wa vichupa waliporudi, waliuliza kuhusu bomba. Wakauliza mara ya pili, kwa upole. Ikabidi Mheshimiwa Waziri aje mwenyewe kuongea na kamati, nami niliitwa kuandika.

"Ndugu zangu," alisema, "tumekuwa tukilitazama jambo hili kinyume. Tatizo si shamba kuwa karibu na mto. Tatizo ni mto kuwa karibu na shamba. Shamba lina hati. Mto una nini?"

Wajumbe walipekua makabrasha yao. Ikaonekana kwamba mto hauna kitu.

Ndipo likatoka Tangazo la Serikali. Kuanzia tarehe hiyo Mto Nyamirende ulirekebishwa. Mahali ulipokuwa ukipita palipewa jina la Bonde Kavu la Ustawi, na maji yatakayoendelea kuonekana pale yatahesabika kuwa maji yasiyo rasmi. Mto wenyewe, ule halali, utapita mlimani, mbali na shamba, kwa mstari uliochorwa na mtaalamu wa makao makuu ambaye hakuwahi kufika kwetu, ila alikuwa na rula nzuri.

Nililisoma tangazo hilo nikiwa nimesimama darajani. Watu walinisikiliza huku wanatazama maji yakipita chini ya miguu yangu. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wametoka kulima. Maneno Kigahe aliuliza kama daraja nalo litahamishwa, nikamwambia linafikiriwa.

Mstari wa rula ulipita kwenye maharage ya Kigahe, ukakata choo cha zahanati, kisha ukaingia jikoni kwa Bi Sikudhani na kutokea zizini.

Bwana Luhende alirudi akiwa mtu mwingine kabisa, mwenye furaha. Kanuni zinasema mto hukaguliwa kwa boti, kwa hiyo alipanda mlima na boti. Vijana wanne walikuwa wameibeba vichwani, na yeye alitangulia amevaa boya la kujiokolea, jasho likimtoka. Wakaitua boti uani, wakaingia, wakakaa. Bi Sikudhani alikuwa anachuja maziwa.

"Mama," alianza Bwana Luhende kutoka ndani ya boti, "una habari kwamba unafuga ng'ombe katikati ya mto?"

Bi Sikudhani aliwakaribisha. Akawauliza kama watakunywa maziwa, maana mlima ule si mchezo. Wakanywa, wote, hukohuko ndani ya boti, na Bwana Luhende akaomba aongezewe. Kisha akafuta mdomo, akamsomea makosa yake. Mifugo ndani ya mto. Samadi ndani ya mto. Kupika ndani ya mto. Kuzuia mto usipite, kwa kutumia nyumba. Akamwambia yeye na majirani wote waliomo kwenye mstari watapaswa kuondoka, kwa usalama wao, kabla hawajazama.

Mama yule aliketi juu ya kinu. Hakupandisha sauti.

"Mume wangu amezikwa pale nyuma ya zizi," akasema. "Na yeye yumo mtoni?"

Bwana Luhende alitazama ramani yake. Akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na yeye yumo," akasema. "Naye itabidi aangaliwe." Halafu akawaambia vijana wainue boti, na nadhani ile furaha aliyokuja nayo aliiacha palepale, kwa sababu alishuka mlima bila boya.

Waliohamishwa waliwekwa kwenye madarasa ya shule, familia mbili mbili, na watoto wakawa wanasoma nje. Ng'ombe wa Bi Sikudhani waligawanywa kwa ndugu. Nilikuwa nikipita pale kila wiki kuwapa habari, na kila wiki habari ilikuwa kwamba suala lao linashughulikiwa. Bi Sikudhani alikuwa amekonda, na mikono yake, iliyozoea kukamua, ilikuwa haijui ikae wapi. Siku moja nilimkuta anasukuma mlango wa darasa uliokuwa mbovu, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na nilipomsalimia aliitikia bila kugeuka.

Lakini sheria yetu haimwachi mtu. Inasema anayeondolewa majini lazima apewe nchi kavu. Na nchi kavu pekee isiyokuwa na mwenyewe katika bonde lote, kwa mujibu wa Tangazo, ilikuwa Bonde Kavu la Ustawi.

Bwana Kasambala wa Ardhi aliwapeleka kuonyeshwa viwanja vyao. Ni mtu mwenye sauti nene, na huongea na watu watatu kana kwamba wako mia tatu. Alisimama ukingoni, akanyoosha fimbo juu ya lile povu, akaanza kugawa: hapa kwa Kigahe, pale penye gogo linaloelea kwa mama muuguzi wa zahanati. Kiwanja cha Bi Sikudhani kilikuwa ng'ambo kidogo, chini kabisa ya mdomo wa bomba.

Bi Sikudhani alisema pale ni majini.

"Mama, hiyo ni nchi kavu," alisema Bwana Kasambala. "Usiangalie kwa macho, angalia kwa mujibu wa sheria. Kiwanja kile ni chako, jenga usijenge. Nchi hii inalinda mali ya mtu. Hakuna anayeruhusiwa kumwaga pale hata kikombe cha chai bila idhini yako. Hata Mheshimiwa Waziri mwenyewe akija kutema mate, unayo haki ya kumfikisha mahakamani."

Bi Sikudhani alikuwa anatazama bomba. Lilikuwa linatoa maji mazito yenye povu, kwa mkupuo.

"Hebu rudia hilo la mwisho," akasema.

Bwana Kasambala anapenda sana kurudia. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya watu wote, akasaini hati na kumkabidhi. Kesho yake Bi Sikudhani alikuwa kwenye benchi la mahakama.

Kampuni ilileta wakili kutoka mji mkuu, mwenye viatu vilivyochongoka. Hakimu wetu, Nasibu Chipeta, alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Maji ya bomba la mji yanatoka mto uleule, kwa hiyo tumbo lake lilikuwa limeharibika miaka mingi, na alikuwa akiendesha kesi huku mkono mmoja umelishika. Nilikuwapo. Mahakama ilijaa mpaka madirishani.

Bi Sikudhani aliongea maneno machache. Alisema ana kiwanja, na jirani yake anamwagia maji machafu kiwanjani bila ruhusa.

Wakili aliinuka na kutabasamu. Alisema mlalamikaji anaichezea mahakama. "Mheshimiwa hakimu, hata mtoto mdogo anajua pale ni mtoni."

"Mimi sijui," alisema hakimu Chipeta. "Mimi najua kilichotangazwa na Serikali. Unataka kuiambia mahakama hii kwamba Tangazo la Serikali ni la uongo?"

Wakili alisema hapana, hakumaanisha hivyo.

"Basi pale ni mtoni, au ni nchi kavu? Chagua taratibu. Kama ni mtoni, mteja wako anachafua mto, na zipo sheria za bonde ambazo mimi nimezisoma. Kama ni nchi kavu, ni kiwanja cha huyu mama."

Wakili alikaa. Akasimama. Akaomba aongee na mteja wake, akaongea naye kwa kunong'ona, akarudi na kusema kwamba mteja wake angependa pawe mahali pa tatu. Hakimu akamuuliza ni wapi huko. Wakili akapekua makabrasha yake, nasi tukasikia tumbo la hakimu likinguruma.

Hukumu ilikuwa fupi. Bomba lifungwe mpaka mwenye kiwanja atakapotoa idhini. Mwenye kiwanja aliulizwa kama anatoa. Akasema hatoi.

Masika ya mwaka ule yalikuja bomba likiwa limefungwa. Mvua ilinyesha mashambani, maji yakashuka, yakakutana na ule ukanda wa majani upande wetu, yakapita polepole na kuacha uchafu wake humo. Povu liliondoka kwanza. Kisha harufu. Kisha, asubuhi moja, watu wakaanza kuitana, kwa sababu chini ya daraja yalikuwa yanaonekana mawe. Watoto waliozaliwa wakati wa kijani walikuwa hawajui kwamba mto una mawe. Walilala kifudifudi darajani wakiyatazama, na mmoja akawa anawauliza wakubwa nani aliyeyaweka. Baadaye wakaonekana samaki, wadogo kama kucha, wanaokwenda wote pamoja na kugeuka wote pamoja.

Mimi nilikuwa na maelekezo kwamba maji yale hayapo, kwa hiyo sikuweza kuyasifu rasmi. Nilikwenda tu kuyatazama, baada ya kazi.

Wale wageni wa vichupa walipiga picha nyingi. Lakini shambani maji machafu yalikuwa yamekosa pa kwenda, na maua yalianza kunyauka, na kwa mara ya kwanza Mheshimiwa Waziri alikosa pa kupumzikia Jumapili. Likatoka Tangazo jingine. Serikali, kwa kuguswa na kilio cha wananchi, imeurudisha Mto Nyamirende mahali pake. Wananchi warudi kwenye nyumba zao. Viwanja vyote vilivyomo majini vimefutwa, kwa sababu si utu kumgawia mtu kiwanja majini. Sheria za bonde zimesimamishwa kwa muda, ili mto upate kutulia baada ya safari. Na bomba litafunguliwa upya na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, kwa sherehe.

Nilitumwa kwa Bi Sikudhani kumwambia ajiandae kutoa neno la shukrani. Nilimkuta nyumbani kwake, anafagia kinyesi cha popo. Kaburi la mumewe lilikuwa limeshapaliliwa. Nilimweleza yote, kwa sauti ya kawaida, bila kipaza sauti, na nilipofika kwenye bomba sauti yangu ikapungua, sijui kwa nini. Alisikiliza akiegemea ufagio. Nilidhani atalia. Sikuwahi kumwona akilia, na sikutaka kuanza siku hiyo.

"Bomba litafunguliwa saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia baada ya hotuba.

"Hotuba ya nani?"

"Ya Mheshimiwa Waziri."

"Basi tuna muda," akasema, akaendelea kufagia.

Siku ya sherehe viti vilipangwa kwa mistari kwenye uwanja wa Shamba la Maua, chini ya mahema meupe. Tulikuwapo sisi maafisa, kwaya, na askari wote wa wilaya, maana askari hawakosi kwenye sherehe. Viti vya wananchi vilikuwa vitupu. Mheshimiwa Waziri alivihutubia hivyohivyo. Alieleza uzalendo wa mto, ambao umekubali kwenda na kurudi bila kudai posho. Alieleza historia ya maji. Alieleza utoto wake. Kwaya iliimba, akainuka tena akaeleza alichokuwa amesahau. Jua lilikuwa limeanza kuinama alipokata utepe na kuzungusha gurudumu la kufungulia bomba.

Bomba liliguna. Likatetemeka. Halikutoa kitu. Akazungusha zaidi, na ardhi chini yetu ikaanza kunguruma kama tumbo la hakimu, kisha yale maji mazito yaliyokuwa yamekusanywa tangu masika yakarudi nyuma kuja yalikotoka. Yalifumuka katikati ya mahema. Yalikuwa ya kijani kabisa. Yaliwafikia wanakwaya kwenye vifundo vya miguu, na Mheshimiwa Waziri, aliyekuwa amesimama chini kuliko wote, penye gurudumu, yalimfikia kiunoni. Bwana Luhende alimtupia boya.

Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba lilikuwa limejazwa mawe, udongo wa mfinyanzi na saruji, kutoka mdomoni mpaka ndani sana, kazi ya mikono mingi na ya mchana kweupe. Askari walizunguka bonde zima kuuliza. Kila waliyemkuta alikuwa na udongo mpaka mabegani, na kila mmoja alisema alikuwa shambani anapanda. Ulikuwa msimu wa kupanda, hivyo hilo halikuweza kukanushwa.

Mimi niliagizwa nimhoji Bi Sikudhani, kwa kuwa tumezoeana. Nilimkuta amejilaza kwenye mkeka kibarazani. Udongo ulikuwa umemkaukia mikononi, umepasukapasuka. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Nilisimama na kalamu yangu.

"Umekuja kuuliza?" akasema, akiwa amefumba macho.

"Nimekuja kuuliza, mama."

"Uliza kesho, mwanangu. Leo nimechoka."

Nami nilikuwa nimechoka, wala si kwa siku ile tu. Nikakaa kidogo pembeni ya mkeka wake, kisha nikarudi ofisini nikaripoti kwamba mhojiwa ameahidi ushirikiano. Kesho yake nilikwenda, akaniambia kesho. Tangu hapo wamelizibua bomba mara nyingi, na kila wakilizibua linaziba, na kila likiziba mimi natumwa. Napanda mlima, nasalimia, nauliza, naambiwa kesho. Mimi ni mtumishi mtiifu wa Serikali. Kesho nitakwenda tena.